Kashai ya Kamba za Mgomba

Kashai niliyokulia, pale Bukoba mjini, haikuwa na waya. Naanza na waya kwa sababu siku hizi kijana akitaka kutega chochote, waya ndio kitu cha kwanza anachotafuta: wa breki ya baiskeli, wa umeme uliochunwa plastiki, wa tairi lililochomwa moto. Sisi tulikuwa watoto wa miaka ya mwanzo ya themanini. Mkoa ulikuwa umebadilishwa jina juzijuzi tu, mwaka 1979, kutoka Ziwa Magharibi kuwa Kagera. Vita vya Amini vilikuwa vimekwisha, ila madukani habari hizo zilikuwa hazijafika. Duka lilikuwa na rafu, karani na daftari. Bidhaa ndiyo iliyokosekana. Sukari ilipatikana kwa kibali, kanga kwa kujuana, sabuni kwa bahati, na bahati isipokuwepo mama zetu walifulia majani ya mpapai. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, hata aliyekuwa na vipande vichache vya kitu chochote chini ya kitanda aliviogopa. Katika hali hiyo nani angempa mtoto waya akategee njiwa?

Kwa hiyo tulitega kwa vilivyoota. Na Kashai ile ilikuwa inaota. Nyumba za udongo zilikuwa zimekaa mbalimbali, katikati yake migomba, na nyuma ya migomba viazi na maharage. Ukiteremka kuelekea Matopeni, ambako jina linajieleza, ulikuta matete na mafunjo. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na nadhani sehemu kubwa yake ilipita mlangoni kwetu. Leo Kashai imejaa watu, nyumba zimegusana migongo, na mtoto anayezaliwa pale anaweza kufika darasa la saba hajawahi kuona yai la ndege. Wakati ule mji ulikuwa umepakana na pori kiasi kwamba hukujua umevuka lini.

Watu walikuwa wahamiaji. Huyu katoka Ihangiro, yule Kiziba, mwingine Karagwe, mwingine Ngara, na kila ukoo ulihamia mjini na mtego wake. Hilo sikuliona likiandikwa popote, lakini sisi watoto tulilijua vizuri: ukitaka kujifunza ulimbo nenda nyumba ile, ukitaka mgono nenda kwa mzee wa bondeni, ukitaka kitanzi cha kwale mfuate mvulana fulani mwenye mikono ya utulivu. Na kabla hujagawana nyama na mwenzako uliuliza kwanza mwiko wa kwao, omuziro, maana kila ukoo wa Kihaya una mnyama wake usiyemgusa. Wababito hawali ngabi, yaani pongo, Wahinda hawali tumbili. Sisi tulikuwa tunagawana njiwa, si ngabi, lakini swali liliulizwa hivyohivyo, kwa uzito wa watu wazima.

Ulimbo ndio niliouanza. Ulitoka kwenye mti wa jamii ya mkuyu, uleule ambao zamani gome lake lilipondwapondwa likawa nguo ya lubugo. Ulikata gome mikato midogo ya mshazari, utomvu mweupe ukachuruzika polepole, ukaukusanya kwenye jani. Ukiuacha kidogo unakuwa mzito. Ukiusogeza kwenye joto la jivu unavutika, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu kila kinachougusa kinabaki nao. Dawa yake ilikuwa mate. Ulilamba vidole vyote, ukaushika haraka na kuuzungusha kwenye kijiti chembamba, ukalamba tena, ukazungusha tena. Mtoto aliyerudi nyumbani na utomvu kwenye nywele alinyolewa kipara jioni ileile, bila mjadala. Vijiti tulivichomeka juu ya tawi kavu, ambako ndege hupenda kutua kwa sababu anaona mbali. Anatua, anashikwa mguu, anapiga bawa ili aruke, bawa nalo linashikwa.

Ulimbo ulikuwa mchezo. Ndege tuliowapata walikuwa wadogo, chiriku na wenzake, wenye nyama isiyojaza kisoda. Mtego wa kweli niliufundishwa Muleba.

Likizo zote tulipelekwa kwa bibi, upande wa Kamachumu. Lori liliondoka Bukoba asubuhi, likapita Kyetema, likafika Muhutwe, kisha likaanza kupanda mlima, injini ikilalamika na abiria wakiegemea magunia. Bibi alikuwa na kibanja cha migomba na mibuni kuzunguka nyumba, na mbele yake, kwenye rweya, ile nyika ya nyasi isiyo na mti, alikuwa na misiri yake, vile vishamba vya njugu mawe, mihogo na viazi vitamu. Adui yake mkubwa hapo hakuwa nguruwe pori wala tumbili. Alikuwa fuko.

Mtu asiyelima anaweza kumwona fuko kama mnyama wa kuchekesha: macho madogo yasiyoona mbali, meno marefu yaliyojitokeza nje ya midomo, mkia mfupi wa kuonea huruma. Bibi hakumwonea huruma hata kidogo. Ulikuta shina la kiazi limesimama vizuri, majani ya kijani kabisa, ukilivuta linakuja lenyewe, chini hakuna kitu. Fuko amekula kuanzia chini na kukuachia majani.

Aliyemshughulikia alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba, kijana mrefu aliyekuwa hajaoa bado. Ninavyomkumbuka, alipokuwa akitega hakuwa na haraka na jambo lolote duniani. Kabla ya kutega alisugua viganja vyake kwa udongo wa palepale shambani. Sharti lake lilikuwa kwamba aliyenawa kwa sabuni asiguse mtego. Sharti hilo halikutusumbua hata mara moja. Sabuni yenyewe tungeitoa wapi.

Kwanza alitafuta vilima vya udongo mpya, vile ambavyo bado vina unyevu na rangi iliyokoza. Vilima vya zamani vilivyopauka hakuvitazama. Kisha alichoma ardhi kwa kijiti kirefu, hapa, pale, mpaka kijiti kikazama ghafla: chini ya hapo pana njia. Akachimba kwa muhoro, kile kisu kilichopinda cha kupogolea migomba, akatoboa njia ya fuko na kuondoka. Hakutega. Alirudi mchana kutazama. Ikiwa tundu limezibwa, fuko yupo na anaishi hapo; ikiwa bado wazi, ni nyumba iliyohamwa, usipoteze kamba.

Kwa maana fuko hawezi kuvumilia mlango wazi. Mwanga na upepo vikiingia kwake atakuja kuziba, akisukuma udongo mbele yake. Mtego wote umejengwa juu ya tabia hiyo moja. Baba mdogo hakumwekea chambo, ingawa nimewaona wengine wakimwekea kipande cha kiazi. Alisema, “Kiazi anacho tayari. Mpe kitu kinachomkera.”

Alisafisha njia kwa mkono mpaka kuta zikawa mviringo na laini. Kitanzi alikiingiza ndani na kukibandika ukutani kwa udongo uliolowa kidogo, ili mnyama apite bila kuhisi kitu ubavuni. Kamba ya kitanzi ilipanda juu kupitia tundu dogo kwenye paa la njia, ikaenda kufungwa kwenye ncha ya fimbo ya mpera iliyochomekwa ardhini na kukunjwa kama upinde. Kilichozuia fimbo isirudi ni mtambo: kijiti cha urefu wa kidole, kilichofungwa kwenye kamba ileile na kubanwa chini ya kijiti kingine kilicholala mkingamo. Ncha ya chini ya mtambo iliegemea kijiti cha tatu, kilichoshuka wima mpaka katikati ya njia ya fuko. Fuko akija na udongo wake anakisukuma hicho cha tatu. Kikisogea upana wa ukucha mtambo unateleza, fimbo inafyatuka, na kitanzi kinambana mwenye nyumba kwenye dari ya nyumba yake.

Mimi nilikuwa na kazi moja, kupuliza. Nililala kifudifudi, shavu kwenye udongo, nikapuliza kile kijiti cha kati kwa pumzi ya kawaida. Kikianguka, mtambo ni mwepesi mno, tone la mvua litaufyatua usiku na fuko atapita akicheka. Nilikigusa kwa ncha ya ukucha; kisipoanguka, mtambo ni mzito, fuko atajaza udongo mpaka juu na kuuzika mtego mzima. Baba mdogo alichonga ile ncha tena, mkwaruzo mmoja wa kisu, kisha mwingine, na mimi nikapuliza tena. Harufu ya udongo wa Kamachumu baada ya mvua ninaijua kutoka umbali huo, wa pua na ardhi.

Fimbo nayo ilikuwa na elimu yake. Mkaratusi unanyumbuka vizuri, lakini ukilala umekunjwa usiku kucha unachoka, asubuhi unakuta umezoea kupinda. Mbuni ni mgumu na una nguvu, ila nani angekata tawi la mbuni mbele ya bibi? Kahawa ndiyo ilikuwa karo, kodi na kaniki. Mpera ndio ulioshinda.

Kamba ilitoka kwenye mgomba, lile ganda la nje la shina lililokaukia palepale. Ukilichana likiwa kavu kabisa linakatika mikononi, hivyo tulililoweka kwanza, kisha tukachana nyuzi na kuzisokota pajani, mbili mbili, moja ikienda mbele nyingine ikirudi, mpaka paja likawa jekundu. Palipohitajika nguvu zaidi tulitumia katani kutoka kwenye mkonge uliopandwa mpakani. Ulikwangua jani kwa mgongo wa kisu hadi nyuzi zikabaki peke yake, na maji yake yakakuwasha mikono mpaka usiku. Kamba ya mgomba ilikuwa na kasoro moja kubwa: mvua ikiendelea, inalegea na kuoza. Ilibidi mtego uangaliwe kila asubuhi, ukazwe, ubadilishwe kamba. Ukiuacha ukaenda zako, baada ya muda mfupi umekuwa takataka za shambani na hauna madhara kwa yeyote. Wakati huo tuliona hiyo ni adha tupu.

Tulipopata, tulipeleka mkia kwa bibi. Fuko hakuliwa nyumbani kwetu, lakini mkia ulihesabiwa, na malipo yalikuwa ndizi mbivu au, siku njema, kipande cha muwa. Bibi aliukagua kila mkia akiwa ameuleta karibu na macho, maana aliwajua wajukuu wake.

“Bojo, huu si wa panya wa jikoni?”

“Ni wa fuko, bibi. Tazama ulivyo mfupi.”

“Mfupi umezaliwa mfupi, au mfupi umekatwa?”

Bibi alikuwa Mlutheri wa kusali asubuhi na jioni, na hakutaka kusikia habari za Irungu, ambaye wazee wa zamani walimjua kama mwenye pori na wanyama wake, wa kuombwa ruhusa kabla ya kuwinda. Baba mdogo naye alibatizwa na kupata kipaimara. Hata hivyo, kila alipomaliza mtego, alirusha punje chache za njugu kwenye nyasi bila kusema neno. Nilimuuliza ni za nani. Akasema ni za siafu. Bibi alikuwa amesimama karibu na aliona. Akageuka kung'oa magugu ambayo hayakuwepo.

Kashai niliporudi nilikuwa fundi, au nilijiona hivyo. Tatizo ni kwamba fuko wa mjini walikuwa wachache, na viazi vya Matopeni vilioza kwa maji kabla havijaliwa na mtu wala mnyama. Ikanibidi nimfuate mzee wa bondeni aliyesuka migono. Aliyapasua matete vipande vyembamba, akasuka mgono mrefu wenye mdomo mpana na koo la ndani linalopungua mpaka vijiti vyenye ncha vinakaribiana. Samaki anavisukuma akiingia, akitaka kutoka vinamwelekea usoni. Mvua kubwa zikinyesha na mto Kanoni ukijaa, kambare hupanda kutoka ziwani kwenda kutaga kwenye maji ya nyasi, na mgono ulielekezwa mdomo ziwani ili uwapokee. Mzee alikumbuka zamani ambapo ningu walipanda mito kwa wingi kiasi kwamba watu waliziba mto kwa uzio wa matete na kuwachota kwa vikapu. Ningu walikwisha kwa nyavu kabla hata sisi hatujazaliwa. Furu waliokuwa wakijaa kwenye migono yetu walikwisha mbele ya macho yetu, sangara alipolijaza ziwa katika miaka hiyohiyo ya themanini. Mwaka mmoja unainua mgono una furu wa rangi zote, mwaka unaofuata una maji. Mzee alidhani koo la mgono limelegea, akalisuka upya.

Kisha waya ukaja. Mipaka ya biashara ilipofunguliwa, baiskeli ziliongezeka, breki zikakatika, na waya wa breki ukawa mali ya watoto. Kitanzi cha waya hakihitaji kusokota wala kulowekwa. Hakiozi. Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho kamba ya mgomba ilikuwa ikifanya muda wote. Mtaani kwetu mbwa wa jirani alipotea, akaonekana baada ya siku nyingi akiwa na waya umezama shingoni, kwenye kichaka ambacho aliyetega alishakihama. Familia yake ilikuwa imerudi kwao Karagwe. Mtegaji hayupo, sababu ya kutega haipo, mtego upo kazini.

Jambo hilohilo, kwa ukubwa usiomithilika, ndilo linalowasumbua askari wa wanyamapori. Serengeti tangu 2017 kuna vikosi ambavyo kazi yake ni kutembea porini na kuokota nyaya, na wameshaokota makumi ya maelfu. Huku kwetu Burigi, ambako sehemu yake iko Muleba, pori la akiba lilipandishwa hadhi mwaka 2019 likaunganishwa na mengine kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina mzaha na anayetega mnyamapori bila kibali, na mimi sina ugomvi nayo. Ila watu wanaposema mitego ya jadi ndiyo iliyomaliza wanyama, namkumbuka baba mdogo akiamka alfajiri kukaza kamba iliyolegea, na najua tunazungumzia vitu viwili tofauti.

Baba mdogo mwenyewe hakuyaona hayo ya Burigi. Mwaka 1983, mwaka uleule wa msako wa wahujumu, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hospitali ya Ndolage, jirani kabisa na kwa bibi. Kwetu ugonjwa haukuwa na jina rasmi bado; watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kutoka Uganda. Kabla muongo haujaisha baba mdogo alikuwa amelala chini ya migomba yake. Waliokufa walikuwa rika hilohilo, wale wa kufundisha. Vijijini wakabaki mabibi, mababu na wajukuu. Babu yetu alikuwa anaijua mitego yote, aliijua kuliko mwanawe, lakini mtego wa fuko unafundishwa ukiwa umelala chini, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kukataa. Alieleza kwa maneno. Wajukuu walisikiliza kwa heshima, wakainuka wakaenda kucheza mpira.

Mnyama anayetegwa Kashai leo kwa bidii ni senene. Wakija Novemba na Desemba, taa kali zinawashwa juu ya mapaa, mabati yanasimamishwa kwa mshazari, senene anagonga bati na kuteleza mpaka ndani ya pipa. Sisi tuliwaokota kwa mkono kwenye majani, alfajiri, mabawa yakiwa bado mazito kwa umande, na mila ya zamani ilitaka mwanamke aokote lakini asile. Mabati yameleta wingi, na sasa wanawake wanakula na kuuza. Hapo sina la kulalamikia.

Shamba la Kamachumu liko mikononi mwa mpwa wangu anayefanya kazi mjini. Fuko hawajapungua. Mwaka jana alimwita fundi wa fuko, kijana mwenye baiskeli na mfuko wa nyaya, anayetoza kwa kila mnyama. Nilikaa naye shambani nikamtazama: anatoboa, anatega palepale, hangoji kuona kama tundu litazibwa. Nilimwambia habari ya kungoja, na ya kamba ya mgomba.

“Mzee, ya mgomba inalegea,” alisema. “Na mteja halipi kungoja.”

Jioni alileta mikia. Mpwa wangu akatoa pesa bila kuangalia. Nikamwomba niione kwanza, nikaileta karibu na macho, mmoja mmoja. Miwili nikamrudishia.

“Hii ni ya panya.”

Akacheka, akaichukua, akazitia mfukoni zile pesa zilizobaki na kuuliza kama kuna kazi nyingine kwa jirani.